Babu anatimiza miaka 90 na ushei, hana cheti cha kuzaliwa: historia yake ya kusomwa kanisani tuiandikeje?

MjukuuWaMasoko aliuliza:

Habari za jioni ndugu zangu. Ukoo umekubaliana kumfanyia babu ibada ya shukrani mwezi wa nane, mahindi yakishaingia ndani, nami nimepewa kazi ya kuandika historia yake. Ni mkulima wa kahawa, ndizi na mahindi huku Rungwe, mzee wa kanisa la Moravian tangu zamani, ana watoto kumi na mmoja. Idadi ya wajukuu kila mtu anataja yake.

Kitambulisho cha taifa kinasema 01/07/1934, lakini mwenyewe anasema mwaka huo aliuweka karani. Anachokumbuka ni kwamba wamishonari wa Kijerumani walipochukuliwa wakati wa vita alikuwa anachunga ndama, na siku ya Uhuru mtoto wake wa kwanza alikuwa anabebwa mgongoni. Karatasi alizonazo ni stakabadhi za kahawa kwenye mkebe wa majani ya chai, basi.

Naomba mwongozo. Mwaka wa kuzaliwa nitaupataje? Kilimo chake nikielezeje kisiishie kwenye "alikuwa mkulima hodari"? Na urefu uwe kiasi gani? Ndaga fijo.

Mstaafu_Uyole alijibu:

Ndugu mjukuu, una bahati, maana hayo mambo mawili aliyokupa babu yanatosha kuanzia. Tarehe 01/07 au 01/01 kwenye kitambulisho cha mzee mara nyingi ni ya kukadiria. Usiitupe, lakini usiijengee nyumba.

Anza na ndama. Mtoto wa kiume huku kwetu alikabidhiwa ndama akiwa na miaka mitano hadi saba hivi. Ng'ombe wakubwa walikuja baadaye. Wamishonari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini na Waingereza kati ya 1939 na 1940, baada ya Vita Kuu ya Pili kuanza. Ukirudi nyuma unapata 1932 hadi 1935. Kwa hiyo karani hakukosea sana.

Sasa chukua daftari kubwa, fungua kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika miaka ya mambo yanayojulikana, kulia andika alichokuwa nacho au alichokifanya mzee wakati huo. Kushoto kwako kuwe na haya: Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Kufutwa kwa uchifu, 1963. Muungano, Aprili 1964. Azimio la Arusha, Februari 1967. Ujenzi wa reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975. Operesheni Vijiji, hasa 1974. Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Kwa walioko upande wa Iringa ongezeni 1954, fuvu la Mkwawa liliporudishwa Kalenga. Wazee wengi wa Kihehe wanaikumbuka siku hiyo hata kama walikuwa watoto.

Ukimuuliza usianze na mwaka. Ukisema "1967 ulikuwa wapi?" utapata jibu la kukuridhisha wewe tu. Uliza: "Reli ilipokuwa inajengwa, mtoto gani alikuwa ananyonya? Nyumba hii ya bati ilikuwepo? Kahawa ya bondeni ilikuwa imeanza kuzaa?" Watoto ndio kalenda bora kuliko zote, kwa sababu wale waliozaliwa miaka ya sitini na kuendelea wengi wana kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo au vya shule. Panga watoto wote kumi na mmoja kwa mwaka, pamoja na waliofariki wachanga. Ukiona pengo la miaka mitano au sita kati ya wawili, jua kuna mtoto mmoja hajatajwa, au mzee alikuwa safarini. Wanaume wengi wa Rungwe waliotoka wakati ule walikwenda migodini, wengine Afrika ya Kusini kwa mkataba wa Wenela (shirika lililoajiri watu wa migodini), wengine Copperbelt kwenye shaba ya Zambia ya leo, na wengine kwenye mashamba ya mkonge. Safari hizo zina mwaka, na zinaeleza bati au baiskeli ya kwanza ilitoka wapi.

Tahadhari moja: nzige. Mzee akisema alizaliwa "mwaka wa nzige", haitoshi. Nzige wekundu walitusumbua kwa vipindi tangu 1930 hadi katikati ya miaka ya arobaini. Lazima upate jambo la pili la kuupima mwaka huo.

KaraniWaUsharika alijibu:

Naongezea upande wa daftari la ubatizo, maana hapo ndipo watu wengi hukata tamaa mapema.

Kosa la kwanza ni kwenda kanisa analosali sasa. Miaka ya thelathini na arobaini kanisa hilo huenda lilikuwa kibanda cha mafundisho tu chini ya misheni kubwa. Daftari limebaki misheni mama. Kwa Wamoravian wa Rungwe ulizia Rungwe penyewe, kituo kilichoanzishwa 1891, halafu Rutenganio na Isoko. Kwa Walutheri wa upande wenu ni Manow na Mwakaleli. Kwa Wabena na Wakinga ni Kidugala, Ilembula, Lupembe, Bulongwa na Tandala. Wakatoliki wa Iringa waanze Tosamaganga.

Kosa la pili ni kutafuta jina la sasa. Mzee anajulikana kwa jina la ubatizo na la ukoo, lakini daftarini ameandikwa kwa jina alilopewa na wazazi, na mbele yake la baba. Wamishonari wa Kijerumani waliandika kwa masikio yao: y ikawa j (hata Nyasa waliandika Njassa), na majina yanayoanza na Mwa- yanaweza kuwa Mua-. Tafuta kwa jina la baba na la kijiji kwanza. Tena mwandiko wa zamani wa Kijerumani unababaisha: e inafanana na n, na s ndefu inafanana na f. Tafuta neno moja ambalo una hakika nalo, kwa mfano jina la kijiji, uone herufi zake zilivyoandikwa, kisha linganisha na zilizobaki.

Kosa la tatu ni kudhani mwaka wa ubatizo ndio wa kuzaliwa. Wazazi wakiwa hawajabatizwa, mtoto alisubiri hadi amalize mafundisho, pengine akiwa na miaka kumi na mbili, kumi na minne, au akiwa mtu mzima. Angalia safu ya umri, na angalia kama baba na mama wameandikwa ni Wakristo.

Ukienda, chukua barua kutoka ushirika wa babu yenye mhuri, inayotaja jina la mzee, la baba yake na miaka unayotaka kupekua. Nenda siku ya kazi asubuhi. Nakili kwa penseli, kalamu ya wino ikidondoka umeharibu kitabu cha watu. Ukiruhusiwa kupiga picha, kaa karibu na dirisha na uzime mwanga wa simu, kwa sababu mwanga huo unarudi kwenye picha na kuficha maandishi yaliyofifia. Nakili mstari wote, pamoja na namba ya ukurasa na namba ya mstari, na jina la msimamizi wa ubatizo. Huyo msimamizi ndiye anayekuonyesha ni nani aliyemleta mzee kwenye imani, jambo ambalo kwenye ibada ya shukrani lina uzito wake.

Vinyungu_Njombe alijibu:

Kamwene nyote. Mimi naomba nikae kwenye shamba, kwa sababu ndipo historia nyingi za wazee wetu zinapodhulumiwa. Mtu amelima miaka sabini, anaandikiwa maneno matatu. Halafu karani aliyekaa ofisini miaka minane anaandikiwa aya nzima.

Tembea na mzee shambani, au kama miguu imechoka, keti naye mahali anapoyaona mashamba. Kila shamba lina jina lake. Andika jina, nani alilifyeka, mwaka wa takriban, lilikuwa na nini mwanzo na lina nini sasa. Kwetu Ubena utaandika mgunda (shamba) wa juu na vinyungu, yaani bustani za bondeni penye unyevu, kila kimoja peke yake, kwa sababu kinyungu ndicho kilicholisha nyumba kiangazi. Kwenu Rungwe migomba iliyozunguka nyumba ni shamba pia, hata kama hakuna anayeihesabu.

Ukubwa: wazee wanapima ekari kwa hatua, sabini kwa sabini. Kipimo hicho kiko karibu sana na ekari halisi ikiwa hatua ni ya yadi moja. Kwenye kahawa unaweza kukagua kwa idadi ya miche. Nafasi ya zamani ilikuwa futi 9 kwa 9, sawa na miche 540 hivi kwa ekari. Akikuambia aliotesha miche 800, hiyo ni ekari moja na nusu. Akikuambia ekari tano na miche ni hiyo 800, muulize tena, huenda alihesabu na migomba.

Mche ulioteshwa ukitunzwa unaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Kwa hiyo stakabadhi ya kwanza ya kahawa ukitoa miaka mitatu hadi minne unapata mwaka wa kuotesha. Zitoe hizo karatasi mkebeni taratibu, zisikunjuliwe kwa nguvu. Weka kila moja kati ya karatasi mbili safi chini ya kitabu kizito siku mbili, ndipo uzipige picha. Soma jina la mnunuzi: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, na sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Stakabadhi zilizo katikati zitakuwa na Mamlaka ya Kahawa, sio chama. Hata kama tarehe imeliwa na mende, jina hilo linakupa kipindi.

Mahindi usiandike "alivuna sana". Andika gunia ngapi, na uulize gunia la namna gani, maana gunia la debe sita si sawa na lumbesa lililojazwa kupita kipimo. Uliza mbolea ilianza lini, mbegu chotara ya H614 ilifika lini nyumbani kwake, na kabla ya hapo alipanda mbegu gani na aliitunzaje. Hapo utasikia habari za kuning'iniza mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jiko, za kuchagua mahindi ya katikati ya shamba na kuyaacha ya pembeni yaliyochanganyika na ya jirani. Hayo ndiyo maarifa yake, na vijukuu vinavyosikiliza kanisani havijawahi kuyasikia.

Ucha Mungu wake nao umo humohumo shambani. Usiandike kwamba alimpenda Mungu. Andika alitoa nini siku ya mavuno. Debe ngapi za mahindi, mikungu mingapi, alikuwa anapeleka limbuko kabla nyumba haijaonja au baada? Mnada wa mazao baada ya ibada nani alikuwa anauendesha? Alisomba mawe ya kanisa lipi, matofali mangapi, safari ngapi? Sala ya alfajiri ilikuwa kabla ya kushika jembe au baada ya kurudi? Mtu akisikia "kila Jumamosi jioni alikata majani na kuwafungia ng'ombe ya siku mbili ili Jumapili asishike mundu", hahitaji kuelezwa tena imani yake.

MjukuuWaMasoko aliandika:

Ndugu zangu, Mungu awabariki. Nimekwenda misheni na barua, na nimempata. Ameandikwa kwa jina la utotoni, baba ni yeye kabisa, kabatizwa Aprili 1946, na kwenye umri wameandika "miaka 13 hivi". Babu alipolisikia jina la msimamizi alinyamaza kidogo, halafu akaanza kuimba.

Sasa nimefika penye mwiba. Miaka ya sabini babu alioa mke wa pili. Kanisa lilimsimamisha uzee na meza ya Bwana, baadaye akarejeshwa. Watoto wanne kati ya wale kumi na mmoja ni wa nyumba hiyo ya pili. Baba wakubwa wanataka lisitajwe, shangazi wa nyumba ya pili wanasema wasipotajwa hawaji. Na mjomba mmoja anataka nitaje babu amempa nani shamba lipi ili "ijulikane mbele ya kanisa".

Mstaafu_Uyole alijibu:

Umri kwanza. Miaka 13 mwezi wa nne 1946 ni kuzaliwa 1932 au 1933, na ndama wanakubali. Andika "alizaliwa mwaka 1933 hivi". Hilo "hivi" lisomwe kwa sauti, lisiondolewe na mchapaji. Kwenye kitambulisho acha kama kilivyo, kusiwe na mtu wa kuanza kuhangaikia mabadiliko kwa ajili ya mwaka mmoja.

Shamba hapana. Kabisa. Ukisoma mbele ya watu mia tatu kwamba shamba la ng'ambo ya mto ni la fulani, kesho kutwa watu hao ni mashahidi kwenye baraza la ardhi, na maneno yako ya sherehe yamegeuka ushahidi ambao mzee hakuutia saini. Andika mashamba aliyoyafungua na mazao yake, usiandike mipaka wala mpokeaji. Kama babu anataka kugawa, kuna wosia wenye mashahidi wake, na kuna hati ya hakimiliki ya kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hiyo ni siku nyingine na meza nyingine.

MamaMchungaji_Tukuyu alijibu:

Mwanangu, hili la nyumba ya pili usiliamue wewe, na usiwaachie baba zako wakubwa. Mwenye historia yuko hai. Nenda kwa babu asubuhi, akiwa peke yake au na bibi, umwambie: "Babu, tunaandika watoto wako wote. Nyumba hii tuiseme vipi?" Wazee wengi wakiulizwa kwa heshima hivyo wana sentensi yao tayari, wameibeba miaka mingi. Iandike kama alivyoisema. Halafu mpelekee mchungaji aisome kabla, asije akaisikia madhabahuni kwa mara ya kwanza.

Katika kuandika, watoto wote kumi na mmoja watajwe kwa mpangilio mmoja wa kuzaliwa, kisha sentensi moja: mama wa hawa ni fulani, mama wa hawa ni fulani. Majina ya kina mama yatajwe kamili na ukoo wao. Usiandike "watoto wa nje", wala "nyumba ndogo". Waliotangulia mbele za haki watajwe mahali pao kwenye orodha, wasirundikwe mwishoni.

Kusimamishwa uzee kunaweza kusemwa kwa ukweli na upole: alikuwa mzee wa kanisa tangu mwaka huu hadi mwaka huu, na tena tangu mwaka huu. Waliokuwepo wataelewa, na wasiokuwepo hawatapotoshwa. Ukiunganisha miaka yote kana kwamba haikukatika, kuna mzee mwenzake atakayetikisa kichwa pale benchi la mbele, na hapo kila ulichosoma kitapoteza nguvu. Jambo lenye thamani hapo ni kurejea kwake. Ulizia aliyemrejesha ni mchungaji gani, Jumapili ya msimu gani, na kipindi kile chote aliketi wapi kanisani. Kama hakuacha kuja, liandike.

KaraniWaUsharika alijibu:

Kuhesabu wajukuu: usiulize mtu mmoja. Mpe kila mtoto wa babu karatasi yake, aandike watoto wake kwa majina mawili na mwaka wa kuzaliwa, chini yake vitukuu. Marehemu waandikiwe na mjane au mtoto mkubwa. Hesabu huharibika kwa mambo mawili. Watoto waliolelewa kwa bibi huandikwa na mama zao na pia na bibi, na wajukuu waliopewa jina la babu wanakuwa wengi wenye jina moja, hivyo mtu anamfuta mmoja akidhani kamrudia. Ndiyo maana nasema mwaka wa kuzaliwa uwepo.

Urefu: kusoma kwa utulivu ni maneno 100 hadi 110 kwa dakika. Dakika nane ni maneno 850 hivi, kurasa tatu hivi za herufi za ukubwa wa kumi na nne, nafasi moja na nusu kati ya mistari. Ukizidisha, watoto wanaanza kutoka nje na mchungaji anatazama saa. Yaliyobaki yote, majina ya mashamba, stakabadhi, mbegu, yawekwe kwenye kijitabu cha nyumbani.

Mkiendelea kumrekodi babu, fanyeni vipindi vya dakika arobaini, asubuhi baada ya chai. Aongee Kinyakyusa. Ukimlazimisha Kiswahili anafupisha. Simu ilale juu ya kitambaa kilichokunjwa, isiwe juu ya meza tupu, kila kikombe kinagonga. Na mvua ikianza juu ya bati simamisha, hutasikia neno. Kila jioni nakili kwenye kadi nyingine na uandike jina la faili: tarehe, mahali, mada.

Vinyungu_Njombe alijibu:

Moja tu nimesahau. Kabla ya kuchapa, msomee babu rasimu yote, polepole, mbele ya mmoja wa rika lake kama yupo. Rika ndiye mkaguzi: atasema "hapana, kahawa ile ulitangulia kuotesha kwa shemeji yako". Acha nafasi pembeni ya kila mstari ya kusahihishia. Na majina ya watu na vijiji msomaji ayatamke mbele ya babu siku moja kabla, hasa jina la mama yake mzazi. Hilo likikosewa atalisikia hata kama masikio yamepungua.